Mtu Asiyeruhusiwa Kumkanda

Tangu mikono ya mama yake ilipoishiwa nguvu, Immaculée ndiye aliyekuwa akikanda watu katika chumba cha mbele cha nyumba yao, mtaa wa Mwemezia, hapo Baraka. Hakuwa na kibao wala tangazo. Aliyeumwa kiuno alielekezwa tu: pita soko, uliza kwa Mama Aline, yule mwanamke mrefu asiyevua kitambaa cha kichwa hata akiwa ndani. Chumbani mlikuwa na kitanda chembamba cha mbao chenye godoro gumu, chupa ya mafuta ya mawese yaliyochujwa vizuri, beseni la maji ya moto, na pazia la maua mlangoni. Wavuvi walikuja na mabega yaliyokaza kwa kuvuta nyavu. Wanawake walikuja na shingo zilizochoka kubeba mihogo kutoka mashambani. Wote walilala kifudifudi, wakaguna, wakanyamaza, wakaenda zao.

Mumewe alikuwa amefariki zamani, shimo la dhahabu lilipoporomoka upande wa Lulimba. Binti yake Aline alikuwa ameolewa Kazimia, na simu zake zilikuwa za haraka haraka, mtoto akilia nyuma. Immaculée alikuwa ameyazoea maisha hayo. Kama ungemuuliza, angekuambia kwamba hakuna anachokikosa.

Gad aliingia katika chumba kile mwanzoni mwa mvua. Alikuwa mtu wa kule juu, kwenye malisho ya milimani, mfugaji kama baba yake na babu yake. Mkewe alikufa kabla ya shida zote. Ng'ombe waliisha vitani. Mwanawe Néhémie alikimbilia nchi ya mbali. Gad mwenyewe alishuka Baraka na mzigo kichwani, akateleza kwenye mawe, na nyonga yake haikurudi tena kuwa kama zamani. Sasa alikaa kwa dada yake, Umurerwa, aliyekuwa akiuza sokoni jibini iliyoletwa kutoka milimani. Siku hizo, kwa sababu ya vita, watu wa milimani na watu wa ziwani walikuwa wakitazamana kwa pembe ya jicho, kwa hiyo siku ya kwanza Gad hakuvuka mlango mara moja. Alisimama nje, akalishika pazia kwa vidole viwili.

"Mama, unakandaka hata sisi?"

"Weye iko na mugongo?" Immaculée akamuuliza.

"Iko."

"Basi ingia."

Akaingia. Na tangu hapo akawa anakuja kila siku ya soko, jioni, baada ya kumsaidia dada yake kufunga meza.

Alikuwa mtu wa maneno machache akiwa amesimama. Lakini akishalala kifudifudi, uso umezama godoroni, maneno yalimtoka kama maji yaliyozibuliwa. Alisimulia ukungu wa kule juu, jinsi unavyoshuka mchana wa jua kali mpaka mtu asione mkia wa ng'ombe aliye mbele yake. Alisimulia majani yanayotoka baada ya moto. Aliwataja ng'ombe wake kwa majina, mmoja mmoja, na tabia zao: huyu mwizi wa mahindi, yule mwenye wivu, mwingine asiyekubali kukamuliwa mpaka aimbiwe. Immaculée hakuona uso wake wakati wa habari hizo. Aliisikia sauti ikipitia kwenye godoro, nzito, na aliisikia pia mikononi, kwa sababu mgongo wa mtu anayezungumza hutetemeka. Kicheko cha Gad alikuwa anakijua kabla hakijatoka: mbavu zilijikusanya kwanza chini ya viganja vyake, kisha ndipo sauti ikafuata.

Siku za soko, Immaculée akaanza kubadilisha shuka mapema. Alichuja mafuta mapya hata kama ya zamani hayajaisha. Akajiambia ni usafi.

Kisha redio ya hapo mjini ikatangaza. Kila anayekanda watu kwa malipo, mjini na vijijini, sharti awe na ruhusa ya ofisi ya afya. Kutakuwa na mafunzo Fizi. Atakayefaulu atapewa karatasi na atakula kiapo. Asiye na karatasi afunge mlango mpaka aipate.

Siku chache baadaye, muuguzi mmoja wa ofisi hiyo, mama mnene mwenye sauti ya upole aitwaye Godelieve, alipita nyumba kwa nyumba kueleza. Immaculée alimpa kiti, lakini hakumpa uso mzuri.

"Mama yangu alikanda mpaka bibi ya shefu," alisema. "Nani alimuulizaka karatasi?"

"Hakuna," Godelieve akakubali. "Lakini mwaka huu tumepokea mutoto aliyevunjika mukono. Walimukanda pale palipovunjika, siku kwa siku, mpaka mukono ukaoza. Tukaukata. Mama yake alikuwa analia, na aliyemukanda alikuwa analia vilevile. Hakukuwa na mubaya pale."

Immaculée akavuta kigoda, akakaa.

"Halafu," Godelieve akaendelea, "kwiko nyumba zingine zinaandika masaji mulangoni, na ndani wanafanya mambo mengine. Unazijua."

"Kwa hiyo mi nafanana nao?"

"Hapana, mama. Njo maana tunataka watu wajue kwamba haufanani nao."

Immaculée alifunga chumba. Gad alipokuja siku ya soko, alikuta pazia limefungwa fundo na mwenyewe amekaa nje kwenye kigoda, mikono imelala mapajani kama mizigo ya mtu mwingine. Alimweleza. Gad alisikiliza akiwa ameegemea ukuta, uzito wote upande wa mguu mzima.

"Hata leo?"

"Hata leo, Baba Néhémie."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Fizi wanipe ruhusa. Kama watanipa."

Gad akajiinua ukutani. "Sawa," akasema. "Mi siendi kwa mwingine. Nitakungojea."

Alisema hivyo kwa urahisi, kama mtu anayezungumzia mvua, akaondoka akichechemea. Immaculée alibaki kigodani, na kwa mara ya kwanza akajiuliza kwa nini neno dogo kama lile limemfanya asitake kuingia ndani.

Fizi iko juu kilimani, na baridi yake humshangaza mtu wa ziwani. Immaculée alifikia kwa ndugu wa marehemu mume wake, na kila asubuhi alijifunga vitenge viwili kwenda darasani. Walikuwa watu wa kila aina: wakunga, mafundi wa mifupa wa vijijini, wasichana wa saluni. Palikuwa pia na Bonaventure wa mtaa wa Kalundja, huko Baraka, jamaa mwenye mikono kama mbao za mtumbwi, aliyezoea kuwakanda wachezaji wa mpira. Mwalimu wao aliitwa Norbert. Alikuwa amesomea kazi ya kunyoosha viungo, akaifanya hospitalini miaka mingi, na hakuwa na madaha. Alitundika ukutani picha ya mtu asiye na ngozi, akawapa majina ya misuli, kisha akawauliza wao wanaiitaje, na akayaandika majina yao karibu na yake.

Immaculée alikuja amenuna, lakini mnuno ulimwisha kidogo kidogo. Siku Norbert alipoeleza habari ya mguu uliovimba upande mmoja, wenye joto na unaouma ukiguswa, kwamba damu inaweza kuwa imeganda ndani na anayeukanda anaweza kuisukuma mpaka kwenye mapafu, Immaculée aliweka kalamu chini. Aliikumbuka miguu ya namna ile. Aliikumbuka na wenyewe. Hakuna aliyekufa mikononi mwake, lakini alitambua kwamba Mungu tu ndiye aliyekuwa akimfichia aibu. Tangu siku hiyo akawa anakaa benchi la mbele.

Hata hivyo mikono ilikuwa inamsumbua. Waliposhikana wao kwa wao kwa mazoezi, aligusa mgongo wa mkunga, mgongo wa msichana wa saluni, mgongo mpana wa Bonaventure, na kila mara vidole vyake vilitafuta kitu kisichokuwepo: lile bonde karibu na nyonga ya kushoto, kovu dogo la pembe ya ng'ombe chini ya bega. Alikuwa anaujua mgongo ule kama mtu anavyoijua njia ya kwenda kisimani. Alipochungulia dirishani, ziwa lilionekana mbali huko chini, jembamba, na ukingoni mwake ulikuwako mji wa Baraka ambao haukuonekana. Alijaribu kukisia meza ya Umurerwa ingekuwa wapi.

Karibu na mwisho wa mafunzo, Norbert aliwasomea kanuni za kiapo. Nyingi zilikuwa rahisi: usafi, siri ya mgonjwa, kutogusa kilichovunjika. Kisha akafika kwenye moja, akaisoma polepole. Mwenye ruhusa haruhusiwi kumkanda mtu ambaye yeye mwenyewe anamtamani au kumtaka kwa mapenzi.

Darasa likacheka. Bonaventure akainua mkono. "Mwalimu, mi nakanda timu ya wanaume. Niko salama!"

Norbert alingoja kicheko kiishe. "Mucheke," akasema, "lakini musikie. Muntu amelala, amevua shati, hakuoni. Hana nguvu yoyote mbele yako. Amekuja kupona, hakuja kupendwa. Akikuchekea, hujui kama anakuchekea weye ao anachekea maumivu yamepungua. Na weye ukimugusa, yeye hajui mukono wako unatafuta nini. Kwa hiyo ukiona moyo wako umeenda kwake, usimudanganye. Mupeleke kwa mwenzako. Halafu kama munatakana, mutakane huko nje, kila mutu akiwa amesimama, amevaa shati."

"Na bwana yangu, akiumwa mugongo?" mkunga mmoja akauliza.

"Bwana yako si mugonjwa wa ofisi, mama. Ya nyumbani ni ya nyumbani."

Wakacheka tena. Immaculée hakucheka. Alikuwa ametazama viganja vyake mezani, na masikio yalikuwa yanamchemka. Alikuwa anaona shuka zilizobadilishwa mapema. Alikuwa anaona mafuta mapya. Kitu alichokuwa akikiita usafi kikapata jina lake halisi mbele ya darasa zima, na hakuna aliyejua isipokuwa yeye.

Siku ya kiapo, kila mmoja alisimama na kuinua mkono. Immaculée alipofika kwenye sentensi ile, sauti yake ilishuka mpaka daktari aliyekuwa anasimamia akamwomba arudie. Akarudia.

Njiani kurudi Baraka, amekaa nyuma ya pikipiki, vumbi usoni, alipanga maneno. Angemwambia Gad hivi: Baba Néhémie, sheria inanikataza kukukanda, na sababu yake ni hii. Aliyapanga, akayapangua, akayapanga upya. Kwenye mteremko wa mwisho aliyatamka kwa sauti, na dereva akageuza kichwa: "Unasema nini, mama?"

"Angalia barabara," akamwambia.

Habari kwamba Mama Aline amerudi na karatasi ilienea upesi. Asubuhi ya kufungua, wanawake wawili walikuwa wamekwisha kaa kwenye benchi ndani ya chumba, wakingoja maji yapate moto, Gad alipoinua pazia. Haikuwa hata siku ya soko. Alikuwa amevaa koti lake la heshima, na mkononi alishika kipande cha jibini kilichofungwa kwenye jani la mgomba.

"Hii ni ya pongezi," akasema. Akaisogelea karatasi ukutani, akaisoma neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. "Sasa umekuwa mutu wa serikali." Alikuwa anatabasamu. Immaculée aligundua kwamba ilikuwa mara ya kwanza kuona kwa mbele tabasamu ambalo amelizoea kwa nyuma. Gad akakaa pembeni ya kitanda, akaweka jibini kando, akainama kufungua viatu.

"Baba Néhémie," Immaculée akasema. "Vaa viatu."

Gad akainua uso.

"Mi siwezi kukukanda. Bonaventure wa Kalundja amepata ruhusa sawa na mi. Uende kwake. Anaifahamu kazi."

"Sikukuuliza Bonaventure."

"Ni sheria."

"Sheria inasema nini?"

Yale maneno yote ya barabarani yalikuwa pale, kooni. Lakini wanawake wawili walikuwa kwenye benchi, mmoja ananyonyesha, mwingine ameacha kabisa kujifanya anatazama nje. Immaculée aliwaza jinsi habari itakavyolifikia soko kabla ya adhuhuri. Aliwaza uso wa kaka yake Nicolas, katekista wa parokia.

Gad alishusha sauti. "Inasema musitukande sisi?"

Hapo ndipo angepaswa kupiga kelele. Baadaye, kwa majuma mengi, alikuwa anaipiga kelele hiyo peke yake, akifua, akichuja mafuta, akitembea kwenda misani. Hapana, hapana, hapana. Lakini pale alipigwa na bumbuwazi, kwa sababu halikuwa swali ambalo alilitarajia. Kimya hakikuwa kirefu. Kwa Gad kilitosha.

Akafunga viatu. Alichukua muda, kwa sababu ya nyonga. "Nilikuuliza siku ya kwanza," akasema akiwa bado ameinama. "Ungeniambia siku ile."

Akapita kwenye pazia. Immaculée akamfuata mpaka mlangoni, akamwona akishuka barabara, bega moja juu, koti la heshima likiyumba mgongoni. "Mama Aline," mwanamke mmoja akaita kutoka ndani, "maji inachemka."

Akarudi kwenye maji.

Siku ya soko ilipofika, Gad hakuja. Wala iliyofuata. Immaculée alijiambia atakuja akishatulia, kisha akajiambia kwamba hata akija hatakuwa na la kufanya naye, maana kiapo ni kiapo. Alifanya kazi vizuri. Watu waliongezeka kwa sababu ya karatasi; hospitali yenyewe ilimpelekea mgonjwa aliyetoka kufunguliwa plasta. Alimrudisha mwanamke mmoja mwenye mguu uliovimba upande mmoja, akamhimiza aende kwa daktari siku ile ile, na daktari akatuma salamu za shukrani. Alifurahi. Furaha ile ilikosa mtu wa kusimuliwa.

Alianza kuitazama milima. Watu wa Baraka hutazama ziwa. Mawimbi ndiyo yanayowaambia kama kuna samaki wadogo wa ndagala ama hakuna. Immaculée alikuwa ameishi umri wake wote akiipa milima kisogo. Sasa jioni aligeuza kigoda upande wa pili na kutazama huko juu, mawingu yalipofunguka, akijaribu kuona kama kweli ukungu hushuka mchana. Ndani ya chumba, alikuwa akimkanda mtu mwingine kabisa, mvuvi ama mwalimu, na ghafla mbavu zingejikusanya chini ya viganja vyake kwa kukohoa tu, na moyo wake ungeruka kungojea kicheko. Jibini aliikata vipande vidogo, akaila polepole mpaka ikaisha, na jani lililobaki akashindwa kulitupa mpaka lilipokauka na kuvunjika lenyewe.

Siku moja akaenda sokoni. Umurerwa alikuwa anafunga meza. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho makali kama ya kaka yake, na alipomwona Immaculée hakuacha kufunga.

"Jibini imeisha," akasema.

"Sikuja kununua. Baba Néhémie yuko wapi?"

"Amepanda. Amefuata watu waliokuwa wanapeleka chumvi." Umurerwa alikaza kamba. "Na mguu ule. Tulimukataza. Akasema afadhali avunjike nyumbani. Kwanza unamutafutia nini? Njo weye ulimufukuza."

"Sikumufukuza."

"Alikuja hapa hana damu usoni. Kaka yangu amefukuzwa mashambani, amefukuzwa njiani, hajawahi kuniambia kitu. Siku ile alikaa palepale uliposimama, akasema, Umurerwa, hata yule. Hata yule."

Immaculée alishika ukingo wa meza. Sokoni palikuwa bado na watu, wachuuzi wa mchele wanakunja mifuko, wapagazi wanapita. Safari hii hakuwatazama.

"Sheria haikatazi watu wenu," akasema. "Inakataza muntu mumoja. Kila mwenye ruhusa iko na muntu wake wa kukatazwa, ao hana. Inakataza nisikande muntu ninayemutaka."

Umurerwa akaacha kamba.

"Sema tena."

"Nimesema."

"Hapana. Sema tena, sikusikia vizuri."

"Ninamutaka kaka yako. Na niliapa. Kwa hiyo siwezi kumugusa pale kitandani, wala siwezi kumuongopea. Nilitaka kumuambia. Kulikuwa na watu. Nikawaogopa."

Umurerwa akakaa juu ya kreti, akafunika mdomo kwa kitenge. Immaculée alidhani analia. Alikuwa anacheka, na machozi yalikuwa yanamtoka pia. "Yesu wangu," akasema. "Muntu anapanda milima na mguu mumoja kwa sababu amependwa." Akatoa simu kifuani. "Huko simu hazina rezo. Kuna kilima kimoja tu, wanapandaka asubuhi kutafuta. Nitamutumia sauti, ataisikia akipanda. Lakini sitasema mi. Chukua. Ongea weye."

Immaculée alishika simu kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu. Alianza mara tatu, akafuta. Mwishowe akasema: "Baba Néhémie, ni mi, Mama Aline. Siku ile uliuliza, sikujibu. Jibu ni hapana. Mwulize Umurerwa sababu. Hapana, usimuulize, nitasema mwenyewe." Akasema. Umurerwa aligeuka upande mwingine kumpa heshima, ingawa masikio hakuyageuza.

Kisha ikawa kungoja. Zilikuja habari za mapigano kwenye njia ya juu, halafu habari kwamba yamekwisha, halafu mvua kubwa zikavunja daraja. Immaculée alikanda, alikwenda misani, aligeuza kigoda. Alimwambia Nicolas mwenyewe, kabla watu hawajamwambia. Kaka yake akapapasa rozari mfukoni. "Dada," akasema, "wanaume wote wameisha Baraka?" Immaculée akamjibu kwamba hakuwahesabu. Nicolas akaondoka bila kuaga, na Jumapili mbili hakumsalimia mlangoni mwa kanisa. Ya tatu alimsalimia, basi.

Simu ililia mchana mmoja, akiwa anaanika shuka. Upepo ulikuwa wa kwanza kuongea, mkali, kama mtu anapuliza ndani ya chupa. Kisha Gad.

"Mama Aline."

Immaculée akakaa chini, palepale kwenye majani, shuka mbichi mapajani.

"Nimesikia sauti yako," Gad akasema. "Imekuja leo. Nimeisikiliza, nikashuka kilima, nikapanda tena kuisikiliza. Vijana wananicheka."

"Nyonga inasema nini?"

"Inalia. Siwezi kushuka mpaka njia ikauke." Upepo ukachukua maneno, ukayarudisha. "Sheria ile. Ni kweli iko imeandikwa?"

"Imeandikwa. Niliapa nikiwa nimeinua mukono."

"Kwa hiyo nikishuka, nani atanikanda?"

"Bonaventure."

"Yule wa mikono ya mbao?"

"Njo yeye. Utalia."

"Na weye?"

Immaculée akatazama milima. Ilikuwa imefunikwa yote. "Mi nitakaa nje," akasema, "ningojee amalize."

Immaculée alijua kwamba mbavu za Gad, huko juu kwenye upepo, zimejikusanya. Akangoja sauti ifuate. Rezo ikakatika kabla haijafika.

Njia ilikauka. Gad alishuka na watu waliokuwa wakileta ngozi na jibini, akitembelea fimbo, amekonda, ndevu zimeingia mvi ambazo Immaculée hakuzikumbuka. Walisalimiana mbele ya meza ya Umurerwa kwa kushikana mikono, kama watu wote wanavyosalimiana, na kila mmoja akaachia haraka. Kesho yake wakaenda Kalundja. Bonaventure alimpokea mgonjwa wake, akashusha pazia, na Immaculée akakaa nje kwenye benchi chini ya ukuta.

Alisikia kila kitu. Alisikia godoro likilalamika, alimsikia Bonaventure akiuliza hapa, ama hapa, na alijua kwamba si pale, ni chini kidogo, kwenye lile bonde. Alimsikia Gad akiguna. Mikono yake Immaculée ilikuwa imeshikana mapajani mpaka vidole vikageuka vyeupe. Alitamani kuinuka, kuvuta pazia, kusema ondoka, niachie mimi. Hakuinuka. Ndani Gad alianza kusimulia, sauti ikipitia godoroni, juu ya ng'ombe mmoja aliyebaki hai na kurudi mwenyewe zizini baada ya mwezi, na Bonaventure akajibu ndiyo, ndiyo, bila kusikiliza. Immaculée alisogeza sikio karibu na ukuta.

Gad alipotoka, shingo ilikuwa inang'aa mafuta na shati lake limefungwa vifungo mpaka juu.

"Umesikia nikilia?"

"Nimesikia."

Wakaanza kurudi polepole, kwa mwendo wa fimbo. Barabara ilikuwa na macho mengi. Walitembea wameacha nafasi kati yao, inayomtosha mtu mwingine kupita. Pikipiki zilipita. Mwanamke mmoja aliyekuwa anakausha ndagala aliinua uso, akawatazama mpaka walipokata kona.

"Kaka yangu anataka kukuona," Immaculée akasema. "Jumapili, baada ya misa."

Gad akasimama. "Atanipokea?"

"Sijui. Amesema tu uje."

Gad akahamisha fimbo mkono wa pili, ule wa nje, na nafasi iliyokuwa kati yao ikapungua kidogo. "Nitavaa koti," akasema.